Viatu vya mtoto anayeanza kutembea: dhana potofu na ukweli wake

Mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache hawezi kukuambia kiatu kinambana wapi. Anayemchagulia ni mama, shangazi au bibi, na hapa Mwanza, kwenye mitumba ya Mlango Mmoja au kwa machinga wa Makoroboi, uamuzi hufanyika haraka haraka, mara nyingine mtoto mwenyewe yuko mgongoni amelala. Hapo tunashika yale tuliyoyasikia kwa wakubwa zetu. Yalisemwa kwa nia njema, lakini mengi yanamtesa mtoto.

"Chukua kikubwa, atakua nacho"

Hii ndiyo dhana inayoongoza, na chanzo chake kinaeleweka: hela ni ya kubana na mguu unakua upesi. Ni kweli unakua. Kati ya mwaka mmoja na mitatu, mguu hurefuka kwa wastani wa milimita 1 hadi 1.5 kila mwezi. Lakini mtoto anatembea leo, hatembei mwakani. Kiatu kikimpwaya, mguu unateleza mbele na nyuma, kisigino kinachomoka kila hatua, na vidole vinajikunja kung'ang'ania kiatu kisitoke. Mtazame mtoto wa namna hiyo akishuka ngazi za mawe kule Igogo au Mabatini: anainua goti kupita kiasi, anaburuza ncha ya kiatu, anajikwaa. Watu watasema miguu yake bado haijakaza. Mvue, mshike mkono, ashuke peku, uone tofauti.

Kujaza pamba au karatasi mbele hakusaidii. Kiatu huwa kimeshonwa kijikunje mahali fulani, na vidole vya mtoto vinajikunja nyuma ya hapo, kwa hiyo anapigana na soli kila anapopiga hatua.

Nafasi inayotakiwa mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ni kama sentimita 1, isizidi sana 1.2. Ikibaki chini ya nusu sentimita, kiatu hicho kimemaliza kazi yake hata kama soli bado mpya. Piga hesabu: kutoka milimita 12 hadi 5 nafasi ya kukulia ni milimita 7, mguu unakula milimita 1.5 kwa mwezi, unapata miezi minne na ushei. Hayo ndiyo maisha halisi ya kiatu cha mtoto wa umri huu. Ndiyo maana mimi naona ni heri kiatu cha bei nafuu kinachomkaa sawasawa kuliko cha bei kubwa kilichonunuliwa kivaliwe miaka miwili.

"Kingembana angelia"

Si lazima alie. Sehemu kubwa ya mguu wa mtoto mdogo haijawa mfupa mgumu. Bado ni gegedu, laini kama la sikio, na juu yake kuna mafuta. Mguu huo unakubali kubanwa. Unaweza kuuingiza kwenye kiatu kifupi, mtoto akacheza mchana kutwa bila kulalamika, huku vidole vimekunjwa. Usisubiri kilio. Akirudi ndani mvue viatu na soksi, uangalie: alama nyekundu kwenye vidole au juu ya kisigino, malengelenge, ukucha wa kidole gumba unaozama nyamani. Na mtoto anayevua viatu kila ukimvalisha usimwite mtundu kabla hujampima.

Soksi iliyokuwa fupi nayo inabana vilevile, na wengi tunaisahau.

"Ana mwaka mmoja, basi namba 20"

Watoto wa rika moja wanaweza kupishana namba mbili au tatu, na namba zenyewe hazisemi kitu kimoja. Kwenye mtumba utakutana nazo zimechanganyika. Za Ulaya hupanda kwa milimita 6.7 hivi kila namba, na kiatu namba 20 kwa kawaida huwa na urefu wa ndani unaokaribia sentimita 13.3. Za Uingereza hupanda kwa milimita 8.5, na namba 4 ya mtoto huko hukaribiana na 20 ya Ulaya. Za Marekani huwa juu kidogo ya za Uingereza, kwa hiyo kiatu hichohicho kitaandikwa 5. Ukiona kimeandikwa 13 au 13.5, huenda ni cha Japani, na hizo ni sentimita za mguu wenyewe. Zaidi ya hapo, viwanda viwili vinaweza kuandika 21 kwenye viatu visivyolingana urefu.

Kwa hiyo pima mguu, si umri. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, msimamishe mtoto kisigino kikigusa ukuta, uzito wake wote ukiwa miguuni, kwa sababu mguu ulioning'inia huwa mfupi. Weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengine ni cha pili, si gumba. Pima jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya mizunguko ya siku. Pima yote miwili, kwani mara nyingi hailingani, na ununue kwa kufuata ule mkubwa.

Kisha kata ukanda mwembamba wa boksi wenye urefu wa mguu ukiongeza sentimita 1. Nenda nao sokoni, uingize ndani ya kiatu mpaka ufike mwisho. Ukijikunja, kiatu ni kifupi. Ukicheza mbele na nyuma, ni kirefu. Mtoto anaweza hata kubaki nyumbani na bibi yake. Rudia vipimo kila baada ya miezi miwili au mitatu.

"Bonyeza mbele kwa dole gumba, utajua"

Ukimbonyeza, mtoto anakunja vidole, nawe unaona nafasi isiyokuwepo. Kama soli ya ndani ya kiatu inatoka, itoe, msimamishe mtoto juu yake. Hapo utaona wazi kilichobaki mbele na kama mguu unamwagika pembeni. Upana nao ni kipimo.

"Buti ngumu humkaza miguu na kuondoa matege"

Mtoto hajifunzi kutembea kwa sababu ya kiatu. Soli ngumu inamnyima kuhisi ardhi, na buti refu haliharakishi hatua. Unyayo bapa katika umri huu ni kawaida, upinde hujitokeza miaka inavyokwenda. Matege kidogo kabla ya miaka miwili nayo ni kawaida. Yakizidi, yakiwa mguu mmoja tu, au yakiendelea baada ya umri huo, mpeleke kliniki. Dawa yake haiko dukani kwa viatu. Soli nzuri ni ile unayoweza kuikunja kwa mkono mmoja pale penye vidole.

"Vya kaka yake bado vizima"

Viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimeliwa upande mmoja, au ndani kuna alama ya kina ya vidole vya mwenyewe wa kwanza, achana navyo. Vikiwa vimenyooka, vifue, vianike juani, vipime kwa ule ukanda wa boksi kama vingine vyote.

"Akitembea peku atalemaa miguu"

Ndani ya nyumba au mkekani, peku ndiyo bora. Nje ni habari nyingine: kuna vigae na misumari, kuna funza, kuna minyoo ya safura inayopenya ngozi kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, na mawe yetu ya Mwanza saa saba mchana yanaunguza. Ila ufukweni tusidanganyane. Sendo zitamkinga na ndoano na makombe, lakini hazizuii kichocho, kwa sababu vimelea vyake viko majini na hupenya ngozi popote maji yanapogusa. Mtoto wa umri huu asichezee maji ya ziwa, awe na viatu au hana.