Eti mbwa wa kienyeji hahitaji chanjo?

Huku Dodoma, iwe Nkuhungu, Ipagala au Kizota, utasikia sana eti mbwa wa kienyeji ana kinga yake, kumpeleka kwa dokta wa mifugo ni kutupa hela. Jamani hiyo sio kweli kabisa. Chukulia parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, hao watoto wa mbwa wa kienyeji wanakufa nao kila siku, kitoto kinaanza kukataa kula, kinatapika, afu kinaharisha damu inayonuka vibaya mno, na hapo ndo unamwita dokta anaanza kutundika dripu na sindano siku kadhaa, na bado kinaweza kufa. Na virusi vyake vinakaa kwenye udongo wa uani miezi mingi, kwahiyo ukileta kingine nacho kinaumwa. Chanjo inaanzwa kikiwa na wiki 6 mpaka 8, inarudiwa mara kadhaa, na hela yake hata haikaribii ya hiyo matibabu.

Kupe nao hivyohivyo, wanaleta homa na kumaliza damu, wakati dawa ya kuogeshea ni bei ndogo tu.

Ila kubwa ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba, na mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani ni sindano zaidi ya moja kwa siku tofauti, mara nyingi gharama ni juu yako mwenye mbwa. Na kila Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, ulizeni kwa afisa mifugo wa kata yenu.