Mkanda wa Feni Ukilia, Usipake Sabuni

Wiki hii Hiace tatu za zamani zimeingia gereji zikipiga mluzi, na madereva wote watatu wakanipa dawa ileile: "Fundi, paka sabuni tu, mkanda umekauka." Wa tatu alishapaka mwenyewe, akaona haitoshi, akaongeza grisi. Nilipoinua kiti cha mbele nikakuta mpira wa mkanda umevimba kingo na vumbi limegandamana kwenye puli, yale magurudumu yanayozungukwa na mkanda, kama ukoko wa ugali.

Mkanda haulii kwa ukavu. Unalia kwa sababu unateleza. Kazi yake ni kushika puli, sasa unaupaka kitu cha kuutelezesha zaidi ili iweje? Kelele inanyamaza kweli, siku moja au mbili, lakini huko ndani alteneta inayochaji betri haizunguki inavyotakiwa, betri haijai, na wota pampu inayozungusha maji ya kupoza injini inazembea. Ukipanda mlima Kitonga na abiria wamejaa, injini inachemka. Grisi nayo inaendelea kuulainisha mpira mpaka ukatike.

Mimi naanza na chupa ya maji. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, mkono na nguo mbali na feni, narushia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Mluzi ukinyamaza kisha ukarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea au umekwisha. Hapo nazima injini, nabonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama zaidi ya sentimita 1 hivi, nalegeza bolti za alteneta, navuta, nakaza. Usisahau kuugeuza uone tumbo lake, yaani upande wa ndani. Mkanda wa V unashika puli kwa mbavu zake mbili za pembeni, si kwa tumbo. Tumbo likiwa linang'aa, unagusa chini ya mfereji wa puli, na hata ukaze vipi utalia tu. Nunua mwingine.

Madereva wana maneno mengine pia. "Kaza mpaka ugome, hautalia tena." Hautalia, ila utaua beringi za alteneta na wota pampu. Mkanda ni bei ndogo, hivyo vingine sivyo.

"Ni taiming belti hiyo." Ile ina meno, haitelezi. Mluzi huu si wake.

"Mpya nao umelia, basi ni feki." Feki zipo, lakini mara nyingi mpya umevutika kidogo baada ya kuanza kazi na hakuna aliyerudi kuukaza. Rudi baada ya siku chache. Na kwa gari yenye mikanda miwili ya jozi, hubadilishwa yote miwili kwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote, zima injini, toa mkanda, zungusha puli ya alteneta na ya wota pampu kwa mkono. Ukisikia kama mchanga ndani, beringi hiyo. Ile Hiace ya grisi nilipomaliza kuisugua nikaona mchirizi wa maji ya rejeta chini ya wota pampu, unadondokea mkanda tone kwa tone. Pampu ilikuwa inavuja muda wote, na grisi ndiyo iliyoificha.