Kupunguzwa kazi ukiwa mtu mzima: dhana zinazowachelewesha watu, na ukweli wake

Kazi yangu hapa Kampala ni kusaidia watu waliopunguzwa kurudi kwenye ajira, wengi wamepita miaka 45, na kuna neno nimechoka kulisikia: "usimwambie mtu mpaka nipate kazi nyingine." Jamani hii ndiyo inawamaliza. Mtu kila asubuhi anavaa tai anatoka nyumbani, anashinda mjini mpaka jioni, mke hajui, wenzake msikitini ama kanisani hawajui, sako (chama cha akiba na mikopo) bado inamhesabu ni mtu wa mshahara, na huku anatuma siivii (CV, wasifu wa kazi) kwa matangazo ya magazeti akigombania nafasi na vijana waliotoka Makerere juzi ambao watakubali nusu ya mshahara wake.

Ukweli ni kwamba ukiwa umefanya kazi miaka 20, kitu unacho na hao vijana hawana ni watu waliokuona ukifanya. Yule sapulaya (muuzaji wa bidhaa kwa kampuni) uliyemlipa kwa wakati, mkaguzi wa mahesabu aliyekuwa anakuja kila mwaka, kijana uliyemfundisha stoo na leo ni meneja kule Namanve, eneo la viwanda. Hao wanasikia nafasi kabla haijatangazwa, lakini watakuitaje kama wanajua bado uko kazini? Aibu naielewa, kwetu mtu anayelipia watoto karo akikosa kazi maneno yanaanza, ila kupunguzwa siyo kuiba. Mimi nasema wiki ya kwanza chagua watu kumi uwapigie simu mmoja mmoja, usitupe meseji kwenye grupu la WhatsApp, na tafadhali usiseme "nitafutie kazi yoyote." Kazi yoyote hakuna anayejua akupeleke wapi. Sema "nimesimamia stoo na magari ya kampuni, natafuta kazi ya aina hiyo, ukisikia nistue."

Dhana nyingine: eti nachukua akiba yangu yote ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nafungua duka. Haiendi hivyo. Tangu sheria ibadilishwe 2022, ukiwa na miaka 45 na umechangia miaka 10 unaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yako. Kuchukua yote kwa sababu ya kukosa kazi ni mpaka ufike 50 na ukae mwaka mzima bila ajira. Na hata ukiipata, usiitie yote kwa biashara hujawahi kuifanya, nawaomba sana.

Na hii pia: eti bosi akikukasirikia unaondoka mikono mitupu. Uongo. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema ukiomba cheti cha utumishi, yaani hati ya kuthibitisha ulifanya kazi kwake, mwajiri lazima akupe, na aliyetumikia miaka 10 ama zaidi notisi yake ni miezi 3. Kama umefukuzwa kwa kuonewa, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3, watu wanakuja kwangu mwaka umepita ndio wanauliza!

Siivii ya kurasa nane hakuna anayesoma. Mbili zinatosha, weka kazi za miaka 15 ya mwisho, shule ya msingi toa, na marefarii (watu watakaoulizwa habari zako) uwapigie kabla hujaandika majina yao.