Maana ya mafunzo ya ufundi wa kuboresha majengo kwa ufanisi wa nishati

Mafunzo haya huwaandaa mafundi, wakaguzi na wasimamizi ili waweze kulifanya jengo lililokwisha kujengwa litumie nishati kidogo kuliko awali, bila kuhatarisha afya wala usalama wa wanaoishi ndani yake. Sharti hilo la mwisho husahaulika kwa urahisi, na ndilo linaloyatofautisha mafunzo haya na kozi ya kawaida ya useremala, umeme au ufundi bomba.

Katika ujenzi wa kawaida kila fundi hufanya sehemu yake akaondoka, lakini joto, hewa na unyevu havijui mipaka ya fani. Ukiziba nyufa zote za nyumba yenye hita ya gesi bila kuacha njia ya hewa safi, moshi uliokuwa ukitoka kwa bomba unaweza kurudi ndani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Vivyo hivyo, ukiweka kihami joto (tabaka linalozuia joto kupita) upande wa ndani wa ukuta katika nchi ya baridi bila kuudhibiti mvuke, mvuke huo hugeuka maji nyuma ya kihami, ukungu ukaota na mbao zikaoza pasipo mtu kuona. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kwanza jinsi jengo zima linavyofanya kazi, ndipo afundishwe kutumia vifaa.

Somo hilo hueleweka zaidi kwa kipimo cha uvujaji wa hewa. Madirisha hufungwa, feni hupachikwa kwenye mlango wa nje kwa kitambaa kisichopitisha hewa, kisha hewa hutolewa hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifikie paskali 50. Mwanafunzi hupita chumba kwa chumba akipeleka kiganja kwenye swichi, pembe za dari na mahali bomba linapopenya ukuta, na kila penye tundu atahisi upepo. Fundi bomba aliyezoea kutoboa ukuta na kuacha mwanya huelewa papo hapo kwamba mwanya ule ni sehemu ya kazi yake. Kiwango cha Passivhaus, cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, ambacho nyumba zake za mwanzo zilijengwa Darmstadt, Ujerumani, na kuanza kukaliwa mwaka 1991, hakiruhusu hewa ya ndani ibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa katika shinikizo hilo.

Gharama ya kuyapuuza mafunzo ilionekana Australia. Mwaka 2009 serikali ilianza kugharamia uwekaji wa vihami joto kwenye dari za nyumba, na kwa kuwa kazi ilionekana rahisi (kazi za namna hiyo ndizo huvutia wasiofunzwa), kampuni nyingi mpya ziliwapandisha vijana darini bila maandalizi ya kutosha. Vijana wanne walifariki, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto kali. Miongoni mwa hatari zilizobainika ni karatasi za alumini za kuhami joto zilizobanwa kwa pini za chuma juu ya dari zenye nyaya za umeme. Mpango ulisitishwa Februari 2010, na tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwaka 2014.

Wanaolengwa si wanagenzi peke yao. Walio wengi ni mafundi ambao tayari wako kazini, na kwao siku ya darasani ni siku isiyo na kipato, hivyo kozi fupi za jioni au zinazofanyika kwenye eneo la ujenzi huwafaa kuliko muhula mzima chuoni. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2022, ilitenga dola milioni 200 kwa majimbo ili kuwafunza makandarasi wa kazi hizi. Hata hivyo fedha hazitoshi ikiwa cheti kinatolewa kwa mtihani wa maandishi pekee. Kwa maoni yangu, mtahiniwa apewe jengo halisi, na kazi yake ipimwe kabla na baada.