Nyasi bandia za kisiasa: umati uliotengenezwa ofisini

Mwaka 1985 Lloyd Bentsen, seneta wa jimbo la Texas nchini Marekani, alimiminiwa rundo la barua na kadi. Ukizisoma ungedhani wananchi wa kawaida wamekerwa, wakashika kalamu. Ajabu ni kwamba zote zilitetea jambo lenye faida kwa kampuni za bima. Bentsen hakudanganyika. Alisema mtu wa Texas anajua kutofautisha nyasi halisi na AstroTurf.

AstroTurf ni chapa ya nyasi za plastiki, zilizopata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome mjini Houston. Sisi tunasema harakati inatoka mashinani. Wasemao Kiingereza husema inatoka kwenye mizizi ya nyasi. Ndiyo maana kejeli ya seneta ilinoga. Kampeni ya nyasi bandia, basi, ni ile inayojidai kuchipuka mashinani kumbe ina mlipaji aliyejificha nyuma ya pazia.

Wengi huichanganya na habari potofu. Habari potofu uongo wake umo katika kinachosemwa. Nyasi bandia uongo wake umo kwa msemaji, na katika idadi ya wasemaji. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa kweli tupu, neno kwa neno, na bado wewe umedanganywa, kwa sababu umeonyeshwa watu elfu pale alipo mmoja. Na binadamu ndivyo tulivyo: tukiona wengi wanalalamika, tunaanza kuamini kabla hatujapima hoja.

Mwaka 2017 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikusanya maoni kabla ya kufuta kanuni zilizowakataza watoa huduma za intaneti kupendelea tovuti moja na kuibana nyingine. Yalifika maoni zaidi ya milioni 22. Uchunguzi wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa New York, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta kwamba karibu milioni 18 yalikuwa feki. Milioni 8.5 hivi yalitokana na kampeni iliyogharimiwa na kampuni za intaneti zenyewe, na humo majina ya watu halisi yalitumiwa bila wao kujua. Upande wa pili, uliotaka kanuni zibaki, nao haukuwa safi: mwanafunzi mmoja wa miaka 19 alituma maoni milioni 7.7 kwa kutumia programu. Mtu mmoja!

Lakini kisa kinachonitisha zaidi ni cha Houston, Mei 2016. Ukurasa mmoja wa Facebook uliwaita watu waandamane kupinga Uislamu, nje ya kituo cha Kiislamu. Ukurasa mwingine ukawaita watu wakitetee, siku hiyohiyo, mahali palepale. Waliofika walikuwa watu wa kweli, wakazomeana kutoka pande mbili za barabara. Kurasa zote mbili ziliendeshwa na watu walewale, wafanyakazi wa taasisi moja iliyokuwa St. Petersburg, Urusi. Mbegu ilikuwa ya plastiki. Hasira iliyoota ilikuwa halisi.

Dalili zipo: maneno yaleyale hadi makosa yaleyale ya herufi, akaunti zilizofunguliwa wiki moja, zisizo na historia wala ndugu, zinazoamka na kulala kwa pamoja. Hakuna dalili hata moja inayotosha peke yake. Chama kikiwapa wafuasi wake maneno ya kusambaza, na kikakiri hadharani, hapo hakuna hila. Watu wameamua kusema kwa sauti moja. Swali ni kama kuna aliyefichwa.

Neno lenyewe, nyasi bandia, nalo limeshageuzwa silaha. Mtawala akichoshwa na waandamanaji husema wamelipwa, na hapo huwa hana haja tena ya kujibu wanachodai. Anayetoa tuhuma hiyo naye adaiwe ushahidi: nani alilipa, kupitia wapi, na akaunti zipi.