Mchoraji wa mfalme na mtumwa wake

Wanafunzi wangu wa uchoraji wakisikia "mchoraji wa mfalme" hudhani ni mtu aliyeamka, akachora, akala, akalala. Diego Velázquez aliajiriwa na Mfalme Felipe IV wa Hispania mwaka 1623, akiwa na miaka 24, kwa dukati 20 (fedha za wakati huo) kwa mwezi, na tangu hapo akawa mtumishi wa nyumba ya mfalme. Mwaka 1652 alifanywa msimamizi mkuu wa makazi ya kasri: agawe vyumba, aangalie samani na kuni, atangulie misafara ili bwana akifika akute pa kulala pametengenezwa. Akipata nafasi, ndipo achore. Kila nikikumbuka saa zilizopotea kwenye kuni, naumia.

Picha zenyewe nazo zilitumwa kazi. Binti mfalme Margarita alikusudiwa tangu utotoni kuolewa na mjomba wake wa damu, Leopold, aliyetawala kutoka Vienna. Basi picha zake zikapelekwa huko, wakwe waone mtoto anavyokua. Ile ya gauni la buluu, ya mwaka 1659, alipokuwa na miaka 8, iko Vienna hadi leo.

Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote. Sogea karibu na gauni uutafute utepe wa fedha: huuoni. Kuna madoa tu, mengine yameparuzwa kwa brashi iliyokaribia kukauka, mengine mazito kama uji uliodondoka. Rudi nyuma hatua nne. Madoa yanashikana, hariri inang'aa. Wengine walihangaika na kila uzi. Yeye aliliachia jicho la mtazamaji limalizie.

Heshima aliitaka sana. Mwaka huohuo wa 1659 aliingizwa katika daraja la heshima la Santiago, la watu wa nasaba bora, baada ya mashahidi wengi kuhojiwa kama aliwahi kuuza picha kwa kujipatia riziki, maana fundi wa kuuza kazi ya mikono yake hakustahili. Msalaba mwekundu, alama ya daraja hilo, kifuani mwake katika Las Meninas, picha ya mwaka 1656 aliyojichora ndani yake, uliongezwa baada ya hapo.

Na mtu huyu alimiliki mtumwa. Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika, alikuwa msaidizi wake katika uchoraji. Walipokuwa Roma mwaka 1650, Velázquez alimchora kichwa juu, ukosi mweupe shingoni, macho yakikutazama bila kuinama, na picha ikaoneshwa hadharani katika Pantheon, jengo la kale la mji huo, mwezi Machi. Hati ya kumwacha huru ilitiwa saini Novemba, kwa sharti kwamba atumike miaka minne zaidi.

Mwaka 1661, bwana wake akiwa amekwisha kufa, Pareja alichora picha yake kubwa ya kuitwa kwa Mathayo. Ukingoni kabisa, kushoto, amesimama yeye mwenyewe, ameshika karatasi yenye jina lake.