Kwa nini maabara inakuita uchomwe tena

Tangu mashine zetu za kupima damu zisimikwe, malalamiko yanayofika dirishani yamebadilika. Zamani watu walilalamikia kuchelewa kwa majibu. Sasa wanauliza: kama mashine inamaliza kazi kwa dakika moja, kwa nini nichomwe mara ya pili? Wapo wanaoamini tumepoteza damu yao, na wapo wanaosema tunaiuza.

Hili la kuuza tulimalize hapa. Chupa moja hubeba mililita 3 hadi 5, kama kijiko cha chai, na haiwezi kuongezewa mtu mwingine. Kipimo kikiisha, damu inayobaki huhifadhiwa kwa muda uliopangwa, kisha huharibiwa pamoja na taka hatarishi.

Sababu ya kweli ya kurudiwa mara nyingi ni hali ya sampuli. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na lazima ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 damu inapoingia tu. Isipopinduliwa, hutokea bonge dogo, wakati mwingine jembamba kama uzi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda mtu anapoumia, hunaswa humo, na mashine, ambayo huhesabu zile tu zinazopita kwenye tundu lake, hutoa hesabu ya chini. Mtu mzima wa afya anaweza kulazwa kwa hofu kwamba atavuja damu.

Potasiamu nayo imejaa ndani ya chembe nyekundu. Chembe zikipasuka wakati wa kuchota, humwagika na kipimo kikapanda, na daktari akadhani moyo uko hatarini. Majimaji ya juu ya chupa, ambayo kwa kawaida yana rangi ya nyasi kavu, huwa mekundu kama juisi ya rosela. Mashine hupima wekundu huo na kutuonya. Majibu hayo hatuyatoi. Tunakuita.

Kila chupa huandikwa mbele ya mgonjwa, jina kamili na namba ya faili. Isiyo na maandishi haipokelewi hata ikiletwa na daktari bingwa. Asubuhi, kabla ya sampuli ya kwanza, mashine hupimwa kwa sampuli za majaribio zenye majibu yanayojulikana. Zikitoka nje ya mipaka, hakuna jibu la mgonjwa litakalotoka hadi chanzo kipatikane.

Mfumo pia hulinganisha majibu yako na ya nyuma. Wingi wa damu ukiwa 7 Jumatatu na 13 Alhamisi, bila kuongezewa damu, jibu huzuiwa. Mara nyingine tunagundua ndugu ametumia kadi ya bima ya ndugu yake. Naomba hili lieleweke: huo ni udanganyifu, ni kosa kisheria, na tunalazimika kuutolea taarifa kwa mfuko wa bima. Zaidi ya hapo, damu yake imeingia kwenye faili lako, na daktari atakutibu kwa namba zisizo zako.

Kuna wanaoacha soda siku mbili ili «sukari ya miezi mitatu» itoke nzuri. Haisaidii. Kipimo hicho husoma sukari iliyoshikana na chembe nyekundu kwa wiki nyingi, asilimia 6.5 na kuendelea huashiria kisukari. Mwenye selimundu amwambie daktari mapema, kwa sababu chembe zake haziishi muda mrefu na jibu hudanganya. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime figo walau mara moja kwa mwaka, damu na mkojo, hata kama hajisikii vibaya. Figo hazina kawaida ya kuuma mapema, na hapa ndipo maabara inapoweza kuokoa watu wengi. Lakini kuja dirishani na kusema «nipimeni kila kitu» si kinga. Muone daktari kwanza.

Ukiitwa kurudi, njoo na karatasi ileile. Kwetu hulipi mara ya pili. Kama ni sukari ya kufunga, usile baada ya saa nne usiku. Maji ruksa. Chai, hata ya rangi bila sukari, subiri hadi uchomwe.